Asembli iliyopachikwa: kwa -O0 inakimbia, kwa -O2 inakufa

Umepachika mistari miwili mitatu ya asembli (amri za prosesa zenyewe) ndani ya programu ya C. Ukiikompaili bila uboreshaji, yaani kwa -O0, inafanya kazi asubuhi hadi jioni. Ukiweka -O2, yaani ukiiruhusu kompaila iboreshe, inakufa kwa SIGSEGV (imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), tena mahali ambapo hapana hata herufi moja ya asembli. Wa kwanza kulaumiwa huwa kompaila. Nami nimewahi kuilaumu, na kila nilipochimba hadi chini nilikuta kosa liko kwenye asembli niliyoiandika, limelala humo tangu siku ya kwanza.

Mwongozo huu ni wa GCC na Clang, prosesa za x86-64, Linux. Mwishoni nina machache ya ARM, maana simu iliyo mfukoni mwako karibu hakika inatumia hiyo.

Kwanza, kompaila inajua nini

Jambo hili ndilo mzizi wa kila dalili utakayoisoma hapa, kwa hiyo tulitulie. Kompaila haielewi asembli yako. Kwa GCC, maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu ni maandishi tu: inaweka majina ya rejista (visanduku vidogo vya thamani ndani ya prosesa) penye %0 na %1, inahesabu mistari ili kukisia ukubwa, kisha inayapeleka kwa asembla, programu inayoyageuza kuwa kodi ya mashine. Clang ina asembla yake ya ndani, lakini nayo haichoti humo habari ya rejista zipi zimeguswa. Inachosoma kompaila ni kile kinachofuata baada ya nukta pacha (:), yaani matokeo, maingizo, na orodha ya vinavyovurugwa.

Ichukulie kama hati ya makabidhiano ya ghala. Mwenye ghala hakuingia ndani kukuangalia. Ulimwandikia kwamba umechukua magunia mawili na kurudisha moja, akaamini, akapanga mzigo mwingine kwa hesabu hiyo. Kama ulisogeza pia pipa ambalo hukuliandika, atakayejikwaa ni mtu wa zamu inayofuata.

Kwa -O0 ghala ni tupu, ndiyo maana hajikwai mtu. Kila kigeu kinakaa kwenye staki, eneo la kumbukumbu la vigeu vya funksheni; kinachotwa kabla tu ya kutumika na kurudishwa mara moja. Kati ya mstari mmoja wa C na unaofuata, rejista hazina kitu cha thamani. Kwa -O2 rejista zimejaa: kielekezi (kigeu chenye anwani ya kumbukumbu) kiliwekwa kwenye rejista ya rbx mistari arobaini iliyopita na bado kinategemewa, funksheni ndogo zimemezwa na kubwa, na hesabu zimehamishwa kutoka pale ulipoziandika.

Kabla ya kuhukumu asembli

Si kila kinachokufa kwa -O2 ni kosa la asembli. C yenyewe ina makosa yanayojificha vivyo hivyo: kigeu kisichopewa thamani, kuvuka mpaka wa safu, kusoma kumbukumbu kwa aina isiyo yake. Jenga kwa -fsanitize=undefined,address uone kama kuna kelele. Jaribu pia -fno-strict-aliasing. Tatizo likitoweka, chunguza C yako kwanza. Lakini ujue kwamba vichunguzi hivyo havioni kinachotendeka ndani ya asembli. Ukimya wao hausafishi mistari ile.

Kisha gawanya. Kompaili nusu ya mafaili kwa -O0 na nusu kwa -O2, uendelee kugawanya hadi libaki faili moja. Ndani ya faili hilo, weka \_\_attribute\_\_((noinline)) kwenye funksheni yenye asembli ili isimezwe na nyingine. Kosa likihama au likitoweka, unakaribia. Hapo andika:

```
gcc -O2 -S faili.c
```

Fungua faili.s na utafute #APP na #NO\_APP. GCC huzungushia asembli yako kwa alama hizo mbili. Soma mistari kumi iliyo juu yake na kumi iliyo chini, ukijiuliza swali moja kwa kila rejista: je, kompaila inategemea kitu ambacho mimi nimekigusa? Makosa mengi huonekana hapo, bila hata kufungua GDB, kifaa cha kutafutia makosa.

Dalili: inakufa mbali, kwenye funksheni isiyohusika

Hii ndiyo inayokula siku za watu. GDB inakuonyesha kifo ndani ya qsort au printf, funksheni za maktaba ya C, kielekezi kina namba ya ajabu, na wewe unasoma printf ukitafuta kosa ambalo halimo. Chanzo cha kawaida ni rejista iliyobadilishwa bila kutajwa. Mfano wake maarufu ni cpuid, amri ya kuiuliza prosesa sifa zake:

```
unsigned sifa;
asm volatile("cpuid" : "=d"(sifa) : "a"(1));
```

Amri ya cpuid inaandika kwenye rejista nne: eax, ebx, ecx na edx. Hati hapo juu imetaja edx peke yake kuwa tokeo. Mbaya zaidi ni ebx, kwa sababu kwa kanuni za mwito za System V (makubaliano ya Linux ya jinsi funksheni zinavyoitana), rejista za rbx, rbp na r12 hadi r15 ni amana: funksheni inayozigusa lazima izirudishe kama ilivyozikuta. Kompaila ingezihifadhi yenyewe kama ingejua. Hukuiambia, haikuhifadhi, na aliyekuita amerudishiwa rbx yenye takataka.

Hapa pia ndipo inapovunjika ile imani kwamba -O0 ni salama. Iweke cpuid hiyo ndani ya funksheni ya kulinganisha unayompa qsort. Programu yako ni -O0, lakini maktaba ya C iliyo kwenye mashine imeshakompailiwa kwa uboreshaji, na qsort inaweza kuwa imeweka kitu chake ndani ya rbx wakati inakuita. Utakufa hata bila -O2.

Sahihi ni hivi:

```
unsigned a = 1, b, c = 0, d;
asm volatile("cpuid"
             : "+a"(a), "=b"(b), "+c"(c), "=d"(d));
```

Alama ya + inasema kwamba rejista inaingia na thamani na kutoka na nyingine. Na kwa cpuid hasa, huhitaji kuandika hata hayo: faili la cpuid.h linalokuja na GCC na Clang lina \_\_get\_cpuid, tayari imeandikwa ipasavyo.

Ndugu wa karibu wa kosa hili ni ingizo linaloharibiwa. Tazama unakili huu:

```
asm volatile("rep movsb"
             : : "D"(kwenda), "S"(kutoka), "c"(n));
```

Baiti zitanakiliwa. Lakini amri hiyo inasogeza rdi na rsi hadi mwisho wa eneo na kuacha rcx ikiwa sifuri. Kompaila inaamini bado zina thamani za mwanzo, maana ulizitaja kama maingizo tu, na ingizo ni kitu kisichobadilishwa. Ukiandika kwenye kwenda[0] baada ya hapo, huenda unaandika nje kabisa ya safu yako. Usijaribu kutibu kwa kuziweka rdi na rsi kwenye orodha ya vinavyovurugwa. GCC itakataa rejista moja kuwa ingizo na kivurugwa kwa wakati mmoja. Zifanye tokeo lenye +:

```
asm volatile("rep movsb"
             : "+D"(kwenda), "+S"(kutoka), "+c"(n)
             :
             : "memory");
```

Angalia pia aina ya n. Ikiwa ni int, kompaila inawajibika kwa biti 32 za chini tu, ilhali rep movsb inahesabu kwa rcx nzima ya biti 64. Kwa -O0 thamani huchotwa upya kutoka staki, na kuandika kwenye ecx kunasafisha nusu ya juu, kwa hiyo huoni kitu. Kwa -O2 thamani inaweza kuwa tayari imo kwenye rejista ikiwa na mabaki juu, na unakili wa baiti kumi ukageuka wa mabilioni. Tumia size\_t.

Dalili: inakufa ndani ya asembli yenyewe, kielekezi kimegeuka data

```
asm("mov (%2), %0\n\t"
    "mov 8(%2), %1"
    : "=r"(a), "=r"(b)
    : "r"(p)
    : "memory");
```

Inaonekana safi. Kompaila, hata hivyo, inadhani maingizo yote yanasomwa kabla ya tokeo lolote kuandikwa. Kwa dhana hiyo ina haki ya kuipa %0 rejista ileile ya %2, hasa ikiwa p haitumiki tena baadaye. Amri ya kwanza inafuta kielekezi kwa data iliyosomwa, ya pili inaifuata data hiyo kana kwamba ni anwani. Ukiona kwenye GDB rejista ya anwani ina namba inayofanana na maudhui ya muundo wako, usitafute mbali. Andika "=&r"(a). Alama ya & inasema tokeo hili linaandikwa mapema, lisishirikiane rejista na ingizo. Tokeo la b halihitaji, kwa sababu linaandikwa mwisho, wakati p haina kazi tena.

Dalili: data ni ya zamani, au imetoweka

Hii haifanani na ya juu. Hapa rejista zote zimetajwa vizuri, lakini kumbukumbu ndiyo iliyosahaulika. Tuseme unamwita keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, moja kwa moja uandike maneno kwenye skrini:

```
long andika(int fd, const void *p, unsigned long n)
{
    long r;
    asm volatile("syscall"
                 : "=a"(r)
                 : "a"(1L), "D"((long)fd), "S"(p), "d"(n)
                 : "rcx", "r11", "memory");
    return r;
}
```

Hii ni sahihi. Sasa ondoa "memory" uone. Anwani iliyomo kwenye p itafika kwa keneli bila shida, lakini kumpa kompaila anwani si sawa na kumwambia kwamba vilivyomo kwenye anwani hiyo vitasomwa. Funksheni ikimezwa na iliyoiita, kompaila inaona safu ya kienyeji inajazwa herufi na hakuna C inayoisoma. Inafuta ujazaji wote. Keneli inachapisha takataka iliyokuwa kwenye staki. Upande wa kusoma ni hatari zaidi: keneli anajaza safu, kompaila inaendelea kutumia thamani za zamani ilizozikumbuka, na ikiwa mojawapo ni urefu au faharasa, utavuka mpaka na kufa.

Ukihofia kwamba "memory" inailazimisha kompaila kusoma upya kumbukumbu yote, unaweza kutaja kipande kinachohusika tu kwa sharti la "m" kama ingizo, au "+m" kikisomwa na kuandikwa. Ni kazi nzuri kwenye kitanzi cha ndani kabisa. Kwingine kote, weka "memory" uendelee na maisha.

Na hizo rcx na r11? Prosesa yenyewe ndiyo inayozifuta: amri ya syscall inahifadhi anwani ya kurudi kwenye rcx na bendera (biti za hali ya prosesa) kwenye r11. Anayezisahau anarudi kwenye dalili ya kwanza, kufa mbali.

Dalili: SIGFPE, au vipimo vya muda vinavyotoa sifuri

Unapima muda kwa rdtsc, amri inayosoma kihesabu cha muda cha prosesa, mwanzo na mwisho, unagawanya kwa tofauti, na programu inakufa kwa kugawanya kwa sifuri. Umesahau volatile. Asembli yenye tokeo na isiyo na volatile huhesabiwa kuwa hesabu safi: maingizo yaleyale yatatoa jibu lilelile. Kwa hiyo kompaila imeiendesha mara moja na kutumia jibu mara mbili. Inaweza pia kuitoa nje ya kitanzi, au kuifuta kabisa jibu lisipotumika.

Asembli isiyo na tokeo lolote ni volatile bila kuandikwa. Lakini volatile nayo haina nguvu ambazo wengi wanaipa. Inazuia kufutwa na kuunganishwa, na inalinda mpangilio kati ya volatile na volatile. Haizuii hesabu ya kawaida ya C kuhamishiwa upande wa pili wa asembli, na haichukui nafasi ya "memory". Nimeona watu wakimwaga volatile kila mahali kama chumvi huku orodha ya vinavyovurugwa iko tupu.

Dalili: umetumia push, pop au call

Hapa natamani ungenisikiliza hata kabla hujapata tatizo: usiguse staki ndani ya asembli iliyopachikwa. Sababu ni tatu, na kila moja inatosha.

Baiti 128 zilizo chini ya rsp (rejista inayoonyesha staki imefikia wapi), zinazojulikana kama ukanda mwekundu, ni mali ya funksheni isiyoita nyingine. Kanuni za System V kwa x86-64 zinairuhusu iweke vigeu vyake humo bila kusogeza rsp. Push yako inaandika juu yake. Kwa -O0 funksheni yako huenda inaita nyingine, kwa hiyo haitumii ukanda huo. Kwa -O2 zilizoitwa zimemezwa, imebaki haiiti yeyote, na ghafla ukanda una wapangaji. Keneli ya Linux hukompailiwa kwa -mno-red-zone, kwa kuwa usumbufu wa vifaa (interrupts) nao huandika juu ya staki. Kwenye Windows ya biti 64 ukanda huo haupo kabisa, ndiyo maana kodi iliyokuwa salama kule inakuja kufia Linux.

Pili, kwa -O2 vigeu vya kienyeji hupatikana kwa kuhesabu kutoka rsp, kwa sababu -fomit-frame-pointer, inayoiachia rbp kazi nyingine, imewashwa. Ukitumia sharti la "m" na kufanya push kabla ya kukisoma kigeu, rsp imesogea baiti 8 na unasoma jirani yake. Kwa -O0 hesabu hufanywa kutoka rbp, ambayo haikusogea, na kosa linabaki limefichika.

Tatu ni mwito. Kabla ya call, rsp lazima igawanyike kwa 16. Funksheni uliyoiita, ikiwa na amri za SSE (zinazoshughulikia thamani kadhaa kwa pamoja) kama movaps, inakufa papo hapo staki ikiwa imepinda kwa baiti 8. Dalili yake inajitambulisha: SIGSEGV kwenye movaps, ilhali anwani inaonekana halali kabisa. Tangu GCC 12, hata -O2 peke yake huwasha uundaji wa amri za vekta, kwa hiyo kodi iliyovumilia miaka inaweza kuanza kufa baada ya kubadilisha toleo tu. Zaidi ya hapo, mwito unavuruga rax, rcx, rdx, rsi, rdi, r8 hadi r11 na rejista zote za xmm. Utaziorodhesha zote? Iite funksheni kutoka C, au peleka asembli yote kwenye faili lake la .S ambako hakuna anayekisia chochote.

Ukilazimika kabisa kusogeza staki, anza kwa add $-128, %rsp na umalize kwa sub $-128, %rsp ili kuruka ukanda, na usitumie sharti lolote la kumbukumbu humo ndani.

Mengine, kwa haraka

Asembla ikilalamika kwamba lebo imetajwa mara mbili, funksheni yako imemezwa sehemu mbili na lebo yake imenakiliwa. Tumia lebo za namba, 1: ukizirejea kwa 1b au 1f, au ongeza %= kwenye jina.

Ukiweka thamani kwenye eax katika asm moja na kuitumia kwenye asm inayofuata, hakuna aliyekuahidi kwamba itakuwepo. Ziunganishe ziwe moja. Kuruka kutoka ndani ya asembli kwenda lebo ya C kunataka asm goto. Na ukitumia std, inayoinua bendera ya mwelekeo, ishushe kwa cld kabla ya kutoka, maana kanuni za mwito zinataka iwe chini.

Kuhusu "cc": kwenye x86 GCC na Clang huchukulia daima kwamba bendera zimevurugwa, kwa hiyo kuisahau hakukuui. Kwenye ARM ni kinyume. Ukifanya cmp au adds bila kuiandika, tawi la if linaweza kuamua kwa bendera zako.

ARM ya biti 64 ina mitego miwili zaidi. Amri ya bl inafuta x30, iliyobeba anwani ya kurudi. Isipotajwa, funksheni inarudi mahali pasipo pake. Na %0 huandikwa kama rejista ya biti 64 hata kama kigeu ni int, andika %w0. Clang hutoa onyo juu ya ukubwa huo, na onyo hilo lisipuuzwe. Kwa Android, iache x18 kabisa: ni rejista ya mfumo.

Mwisho, ukishasahihisha, usijaribu kwa -O2 pekee. Jenga kwa -O0, -O1, -O2 na -O3, kwa GCC na kwa Clang, kisha rudia na -flto (uboreshaji wakati wa kuunganisha mafaili), maana uunganishaji huo humeza funksheni hata kutoka mafaili mengine na kufichua kile ambacho mpaka wa faili ulikuwa umekiziba. Hiyo ni mijengo kumi na sita. Kwa faili dogo ni dakika chache za mashine.